Nilivyoingia Baharini na Suti kwa Ajili ya Wakwe

Jumamosi, jioni. Jua bado limekaa juu ya mapaa ya Blacktown na halina haraka. Joto la Februari. Miguu yangu iko ndani ya beseni. Moyo ni mzuri. Sikio la kushoto limejaa maji.

Leo nimezunguka kisiwa kizima cha Karibea kwa boti ya tanga, usukani mkononi mwangu, upepo ukinitii. Nilipofika penye kina nikazama bila woga, nikamkuta papa, tukasalimiana kama watu wazima, nikapanda juu nikiwa mkavu kama nilivyoingia.

Haya. Nimeisoma tena aya hiyo na hata mimi imenitia aibu.

Kisiwa si cha Karibea. Ni cha hapa hapa Sydney, ndani ya ghuba, kidogo hivi kwamba ukikiwekea mbuzi kumi watagombana. Usukani sikuugusa, niligusa ndoo. Papa alikuwepo, hilo naapa, ila kusalimiana hapana. Na habari ya kukauka, suti yangu inaning'inia kwenye kamba huku nyuma ya nyumba, na mpaka saa hii bado inadondosha maji ya chumvi juu ya nyanya za Mama Solange.

Cha Karibea ni ukwe.

Ngoja nieleze taratibu, maana nachapa kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kimekunjamana kwa maji.

Solange ni binti yangu wa kwanza, nesi pale Westmead. Ana miaka thelathini na kitu, na hicho kitu mama yake amenikataza kukitaja. Amempata kijana anaitwa Curtis, anayesukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali hiyo hiyo. Curtis kazaliwa Sydney, lakini baba yake, Neville, na mama yake, Merle, wametoka kisiwa kimoja cha Karibea. Neville anasema kisiwa chao ni kidogo, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakujibu "afya."

Kabla ya Curtis alikuwapo Mkenya mmoja, mhasibu, mpole, kanyoa vizuri. Chakula cha kwanza kabisa hapa nyumbani nilimuuliza kama ile pua amezaliwa nayo au ameipata kwa mkopo. Nilikuwa natania. Alimaliza wali wake, akashukuru, akaondoka, na hajaonekana tena mitaa hii. Nasikia alihama.

Solange hakunisemesha mpaka msimu ukabadilika.

Kwa hiyo leo, ndani ya treni, aliketi mbele yangu akaniwekea sheria kama hakimu.

"Baba, leo hutanii."

"Sitanii."

"Hata kidogo. Na wakikupa kitu, hukatai. Chochote. Curtis nampenda, Baba. Ukimfukuza na huyu, mimi sitakuletea mwingine. Plis."

Hiyo "plis" ilinichoma kuliko mengine yote. Mtoto wangu anielewe kwa Kiswahili, anijibu kwa Kiingereza, nimeshazoea. Lakini leo alijikaza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na lile neno moja lilipomponyoka nikajua halikuwa neno, lilikuwa moyo. Nikamwahidi.

Mama Solange akasema, "Tumsikie Mungu atakavyosaidia," akiniangalia mimi na si Mungu.

Sasa kosa lilikuwa limeshafanyika kabla ya treni. Lilifanyika kabatini. Solange alikuwa ametuambia wazazi wa Curtis wanataka tukutane nao. Kwetu Mwenga, kule milimani tulikotoka, jambo hilo lina jina, kujitambulisha, na mtu haendi kujitambulisha akiwa amevaa kama anakwenda kufyeka. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Mwenga, nimeshona kambi ya wakimbizi Kigoma, nimeshona hapa mpaka macho yakaniambia basi. Nikatoa suti yangu ya vipande vitatu, rangi ya maharagwe mekundu, niliyoikata mwenyewe. Tai. Kofia. Viatu ambavyo ukiinama unajiona meno. Mama Solange akavaa kitenge na kilemba kirefu hivi kwamba mlangoni kwenye treni aliinama. Mapajani tukabeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, tuliyoifunga kwa kitambaa.

Solange anasema aliniambia ni boti. Kweli aliniambia. Lakini mimi nilidhani ni zile boti kubwa zinazopita pale mjini, zenye meza na wahudumu. Huko watu wanavaa vizuri.

Hii haikuwa ile.

Ni boti ya tanga, fupi, ya njano, nzee kama mimi ila yeye kapakwa rangi. Neville aliinunua ikiwa imeoza akaitengeneza mwenyewe uani kwake Lidcombe kwa miaka mingi, mpaka majirani wakawa wanamwita Nuhu. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama juu yake, ndevu nyeupe, mikono wazi, uso wa furaha, kavaa kaptula.

Mkwe wangu alinipokea na magoti yake yote mawili.

Wasomaji wangu wa kwetu mmeshashika kichwa. Ninyi wengine niwaeleze. Kwetu mkwe haoni goti la mkwe. Kifua ndiyo usiseme. Babu yangu akiwa anatoka shamba, nguo imempasuka, akasikia sauti ya mkwe wake njiani, aliingia porini akakaa na siafu mpaka mkwe apite. Ni heshima. Mkifanyiana uchi kidogo kidogo, siku mkigombana hakuna cha kuheshimiana kilichobaki.

Mama Solange akainua uso juu. "Bwana asifiwe," akasema, "mawingu mazuri leo."

Hapakuwa na wingu hata moja.

Curtis akaja, mkubwa kama mlango, akasema "Shikamoo Mzee." Solange kamfundisha. Hakumfundisha mahali pa kuishia. Leo nimeamkiwa nilipopanda, nilipoketi, niliposimama, na kila alipotoka mbele ya boti kuja nyuma. Nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka. Mzaha ulinijaa tumboni kama gesi ya maharage, lakini sikuutoa. Nilikuwa nimeahidi.

Tukaondoka. Sitawadanganya tena, kwa hiyo nasema wazi: boti ya tanga ni kitu kizuri kikiwa mbali. Ukiwa ndani, imelala upande mmoja kama mlevi, na watu wake wanakuambia hiyo ndiyo raha yenyewe. Kuna mti umelala chini ya tanga, na kila boti inapogeuka, huo mti unavuka kwa kasi kutafuta kichwa cha mtu. Neville alipiga kelele "Inama," kwa Kiingereza chake kinachoimba. Nikainama. Kofia yangu haikuinama.

Niliiona mara ya mwisho inaelekea upande wa jiji, imenyooka, ina heshima zake.

"Pole sana, mkwe," Neville akasema.

"Si kitu," nikasema. "Ilikuwa inataka kutembea."

Solange akanikata jicho. Huo haukuwa mzaha, zilikuwa rambirambi, lakini nikanyamaza.

Kwa sababu boti ina mahali panapovuja, nikapewa ndoo. Wakikupa kitu, hukatai. Basi hivyo ndivyo nilivyokizunguka kile kisiwa, na suti ya vipande vitatu, nikichota maji botini na kuyarudisha baharini. Kisiwa chenyewe kina nyasi, miti, na watu waliokuja kula mikate yao. Kwa Kiingereza jina lake ni la papa. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini. Curtis akasema ni kwa sababu ya umbo lake. Nimeishi nchi hii muda wa kutosha. Kila mahali penye jina la papa wanakuambia ni umbo.

Tulipofika upande uliotulia, Neville akashusha tanga, akatia nanga, akasimama wima, akakohoa. Nikaona amejiandaa. Curtis alikuwa anamtazama baba yake kwa fahari, kama mtoto anayengoja baba asome kanisani.

Neville akasema: kwao, kisiwani, watoto wakitaka kuoana, baba wawili wanakizunguka kisiwa pamoja kwa tanga. Halafu wanaingia majini pamoja, wanatazama chini pamoja. Waliokwisha kutazama chini pamoja, ndio wanaoweza kuzungumza juu ya ndoa. Ndivyo babu yake alivyofanya, na babu wa babu yake.

Halafu akanipa kaptula. Ilikuwa na maua.

Hapo ndipo Mama Merle, ambaye mpaka wakati huo alikuwa mama mzima mwenye gauni na miwani, akalivua gauni, chini yake kumbe ana vazi la kuogelea, akaruka majini kama chura mwenye nyumba yake. Familia ya Mwenga yote ikatazama mawingu.

Nikamtazama Solange. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Hakuwa anacheka. Alikuwa anajua kabisa mimi niko wapi: huku kuna desturi yao, huku kuna yetu, katikati kuna kaptula ya maua. Nikikataa, nimewatukana wazee wa watu mbele ya mtoto wao. Nikikubali, nimevua nguo mbele ya mkwe wangu wa kiume, na mkwe wangu wa kike ndani ya maji hapo ananingoja. Mimi nimefukuza mwanamume mmoja kwa neno. Huyu ningemfukuza kwa kunyamaza tu.

Na kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyeliuliza. Mimi nimezaliwa milimani. Siwezi kuogelea.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Ni maneno mazuri. Lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mtu asiyevua.

Nikairudisha ile kaptula kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nikasema, "Mkwe, nitaingia. Lakini nitaingia nilivyo."

"Ulivyo vipi?"

"Hivi."

Solange akawaeleza kwa Kiingereza, harakaharaka, habari ya magoti, ya kifua, na ya babu na siafu. Neville akasikiliza. Akayatazama magoti yake mwenyewe kama vile ameyaona leo. Kisha akaingia kwenye kale kachumba ka chini, tukasikia anapekua, akatoka amevaa suruali ndefu na koti la mvua la njano, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Mkwe wangu akiingia na koti," akasema, "na mimi naingia na koti."

Sijui kama amesoma shule kuliko mimi. Lakini huyo ni mtu aliyelelewa.

Nikavua viatu. Soksi nikabaki nazo, mguu nao una siri zake. Curtis akatuvalisha wote wawili majaketi ya kuelea juu ya makoti yetu, mimi akanipa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, akasema shikamoo. Mama Solange akanishika mkono.

"Baba Solange. Ukifa na suti hiyo, mimi nitakuzika na nini?"

"Na kaptula," nikasema.

Nisameheni. Lilinitoka.

Tukashuka kwa ngazi. Nani kawadanganya kwamba maji ya Februari yana joto? Yaliingia kwanza kwenye soksi, yakapanda suruali, yakakaa kiunoni kutafakari, halafu yakaingia mifuko yote kwa pamoja, ile ya nje, ya ndani, mpaka kile kijifuko kidogo cha kizibao ninachoweka vijiti vya meno. Suti ikawa nzito kama mtu wa pili. Lakini jaketi likanibeba. Neville na mimi tukashika boya moja la mviringo, yeye upande huu, mimi upande ule, kama watu wawili wanaochungulia kisima.

Nikauweka mrija mdomoni. Nikajikaza kisabuni. Nikatia uso ndani ya maji.

Jamani.

Sikuwa najua. Miaka yote hii napita juu ya haya maji kwa daraja, ndani ya treni, sikuwa najua kwamba chini kuna nyumba. Majani marefu ya kahawia yanainama na kuinuka, yote kwa pamoja, kama waimbaji. Mawe yenye miiba myeusi mviringo. Samaki wengi wembamba walipita chini ya tumbo langu bila hata kunitazama, kama wanawahi kazini. Halafu akaja mmoja mkubwa, wa buluu, buluu ya kitambaa ambacho nikiwa fundi ningekiuza kwa wanawake wawili wakipigana. Midomo minene. Akasimama akanitazama, mimi na tai yangu inayoelea mbele ya uso. Nadhani ndiye wa kwanza leo kuiheshimu ile suti.

Na kimya. Nilisikia pumzi yangu tu. Niliikumbuka ile "plis." Nikawaza, huyu mtoto nimembeba mgongoni kuvuka mpaka, sasa yuko juu huko ameshika kamba, ananiangalia mgongo, anaogopa nisiharibu. Mtoto wangu ananiogopa mdomo. Hilo lilinipata majini, mahali ambapo mdomo umezibwa na mpira, na nilishukuru kwamba hakuna anayeuona uso wa mtu akiwa hivyo.

Nikainua kichwa nimwambie Neville kuhusu samaki wa buluu.

Neville alikuwa hatazami chini. Hakuwa ametia uso majini hata mara moja. Alikuwa ameshika boya kwa vidole vyote, macho ameyafumba, midomo inacheza. Alikuwa anasali.

"Mkwe," nikasema. "Vipi?"

Akafumbua jicho moja. Akaangalia kama Curtis yuko karibu. Curtis alikuwa mbele ya boti, anatupiga picha.

"Baba Solange," akasema polepole, "mimi sijui kuogelea."

"Wewe? Nahodha?"

"Nahodha anakaa juu ya maji. Shida yake na ndani ni ipi?"

Ni kweli kabisa.

"Na hii desturi yenu? Babu, na babu wa babu?"

Akafumba tena lile jicho. "Hakuna desturi."

Akanieleza yote hapo hapo, maji yakitupiga kidevuni. Curtis alimwambia kwamba sisi Waafrika tuna desturi nyingi, kwamba nitakuja na wazee, na kila jambo litakuwa na utaratibu wake wa miaka mia. Curtis akauliza, "Na sisi, Dadi, desturi yetu ni ipi?" Macho yake yanangoja. Neville akaona aibu mtoto wake aonekane ametoka kwa watu wasio na chochote. Mdomo ukajifungua wenyewe. Kisiwa, tanga, baba wawili, kutazama chini. Ilikuwa nzuri hivi kwamba hata yeye aliiamini mpaka aliposhika ngazi.

"Usimwambie," akasema. "Nakuomba. Nitakufanyia chochote."

Sasa mimi, mtu wa utani, nimepewa hii. Kama ningekuwa nchi kavu ningecheka mpaka nibebwe. Lakini nilimwona mzee mwenzangu, kavaa koti la mvua ndani ya bahari kwa ajili ya heshima yangu, anaogopa kufa kwa ajili ya mtoto wake. Nikasema, "Mkwe, sikuona kitu. Nilikuwa natazama samaki."

Na hapa nitawaambia ninyi jambo ambalo yeye sikumwambia. Sheria ya goti ipo, naapa kwa siafu za babu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mkifika mtoni, na mto umejaa, kila mtu anakunja suruali na hakuna aliyeona kitu. Maji yanasimamisha sheria. Ningeweza kuivaa ile kaptula. Ukweli ni kwamba miguu yangu ni myembamba, mmoja umepinda, na samaki wangecheka.

Basi. Nikarudisha uso majini, kwa furaha, kama mtu aliyeshinda.

Chini yangu kulikuwa na zulia. Zulia zuri, la madoadoa, rangi ya kahawia na manjano, na pembeni lina vishada kama vya mapazia. Nikawaza, nani kaangusha zulia lake baharini? Fundi ni fundi, nikatazama ule urembo wa pindo nijue umeshonwaje.

Zulia likafungua mdomo.

Baadaye Mama Merle ametueleza kwamba huyo ni papa mpole, analala tu, hana habari na mtu. Yeye anaweza kusema hivyo. Mimi nilichofanya ni kupanda juu ya kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa Neville. Neville naye akajaribu kupanda juu yangu. Boya likaenda zake. Na hapo ndipo ikatoka kelele.

Ilikuwa kelele nyembamba, ndefu, ya juu kabisa, kama ya msichana aliyeona nyoka jikoni. Ndege walitoka kisiwani. Watu wenye mikate walisimama.

Majaketi yalituweka juu, lakini sisi hatukuwa na habari hizo, tulikuwa bado tunapandana. Aliyetuokoa ni Mama Merle. Alikuja kwa mikono mirefu, akanishika kola huku, akamshika mumewe kofia ya koti kule, akatuvuta wote wawili mpaka kwenye ngazi kama magunia ya mkaa. Mkwe wangu wa kike amenishika shingo. Kwetu hilo halina hata jina.

Kola haikuchanika. Mafundi mnaosoma, liangalieni hilo.

Tukaketi juu ya boti. Maji yalikuwa yanatutoka mifukoni. Kaa mdogo akatoka kwenye kizibao changu akatembea zake. Curtis, uso umempauka, akauliza, "Nani amepiga kelele?"

Neville akatazama mawingu. Nikatazama mawingu.

Solange akaja na taulo. Nilijiandaa. Nikasema moyoni, haya, mhasibu wa pili huyo anaondoka. Lakini alinifunika kichwa kwa taulo, akanifuta uso, akanifuta sikio kama ninavyokumbuka nilivyokuwa namfuta yeye.

"Hukukataa, Baba," akasema.

Basi. Hilo tu. Nami sikusema kitu. Mimi.

Mama Merle akafungua chakula. Mikate ya kukaanga, minene, na samaki wa chumvi aliyekatwa na vitunguu na pilipili. Akaniwekea sahani mbele. Hapa lazima niwaeleze tena: kwetu baba wa msichana hagusi chakula cha upande wa pili mpaka moyo wake umekubali. Anaweza kukaa kutwa na njaa, anashukuru, anakunywa maji. Siku anayokula, wazee hawaulizi tena. Solange hajui hilo, kaondoka mdogo. Mama Solange anajua.

Nikanawa. Nikala mkate wa kwanza. Nikamsikia Mama Solange ameacha kupumua pembeni yangu. Nikala wa pili. Halafu nikanyoosha sahani, nikasema, "Mama Merle, kama upo mwingine."

Mama Solange akafungua sufuria ya sombe, akawagawia wote, machozi yanamtoka, akasema ni moshi. Baharini. Moshi.

Curtis akala sombe mpaka akakwangua sufuria. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba siku yeye na Solange watakapopata watoto, na hao watoto wakataka kuoa, ataingia majini na mkwe wake vilevile, na koti, kama desturi inavyotaka. Neville alikabwa na samaki. Nikampiga mgongoni.

Hivyo ndivyo desturi zinavyozaliwa, nadhani. Mmoja anadanganya, mwingine analowa.

Sasa nimekaa hapa na beseni langu. Jumamosi ijayo wanakuja wao, hapa Blacktown, kukaa na wazee wetu. Mzee Byamungu, ambaye anaongoza mazungumzo na ambaye hajawahi kuacha jambo lipite, ameshapiga simu. Mama Solange kasimulia kwa mkewe, mkewe kasimulia kwa kanisa. Kofia hawaulizi. Suti hawaulizi. Swali ni moja tu, kelele ile ilitoka kwa mzee yupi, na wamesema mbele ya jambo lolote lingine hilo ndilo litakalofunguliwa.

Solange mwanangu, najua Kiswahili kirefu kinakuchosha, macho yako yanateremka moja kwa moja mpaka mwisho. Vizuri sana, endelea hivyo hivyo. Huku juu ni habari za samaki. Mtafsirie baba yake Curtis haya ya chini tu.

Mkwe, yale tuliyozungumza majini yamekaa hukohuko majini. Ulisema utanifanyia chochote. Mimi sitaki makubwa. Jumamosi, Mzee Byamungu akiuliza nani alilia, naomba unyooshe mkono.